Benchi la Jumanne

Dokta Lyimo ameniomba niandike kurasa chache za kuwaachia maafisa wapya wa ustawi, akaongeza, kwa adabu yake ileile, kwamba nisijaze mambo ya vyeo. Hakuwa na haja ya kuhofu. Vyeo vyangu vyote ukivipanga havifiki nusu ukurasa. Nitaandika kuhusu benchi.

Benchi lenyewe mnalijua. Ni lile la mninga lililo kando ya mlango wa kuingilia kituo chetu cha afya, hapa Kariakoo, mkono wa kulia ukitokea barabarani. Mguu wake mmoja ni mfupi, umewekewa kipande cha kigae. Nililikuta siku nilipoanza kazi na nimeliacha siku niliyostaafu. Katikati hapo kituo kimebadilishwa mlango, paa, rangi na waganga wafawidhi wengi tu, lakini benchi halikuguswa, kwa sababu hakuna aliyewahi kujua liko chini ya idara gani.

Nilifika nikiwa binti kutoka Masasi, na cheti kipya cha ustawi wa jamii na viatu vilivyonibana. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya ndoo na mafagio. Wenyeji walinipokea vizuri, ila waliniuliza kwa upole kazi yangu hasa ni ipi. Daktari anatibu, muuguzi anachoma sindano, mfamasia anatoa dawa. Je, huyu wa ustawi? Nikajibu kama nilivyofundishwa chuoni, kwa kirefu. Nilipomaliza, mfamasia wa wakati ule akasema, "Kwa hiyo unaongea na watu."

"Ndiyo."

"Hata mie naongea nao," akasema, akarudi dirishani kwake.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Ngonyani, tabibu kutoka Songea, mtu mrefu mwenye koti jeupe lililokuwa limemfupia mikono. Alikuwa na tabia ya kumuuliza kila mgonjwa swali moja kabla ya kumuuliza panapouma: "Nyumbani unakula na nani?" Vijana waliofanya kazi naye walimcheka. Yeye alisema jibu la swali hilo linamwokolea muda mwingi wa kupapasa matumbo.

Wiki yangu ya kwanza alikuja mama mmoja mjane, kichwa kinamuuma kila siku, vipimo vyote safi. Alikuwa akila peke yake. Mzee Ngonyani akaona afadhali aunganishwe na akina mama waliokuwa wanapika chakula cha kuuza kule Gerezani, maana alikuwa mpishi kabla mumewe hajafariki. Nikaandika barua nzuri, nikaipiga muhuri, nikajisikia nimefanya kazi. Mzee akaichukua, akaisoma yote, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Binti, hii karatasi ikifika kule itamsalimia nani?" akaniuliza. "Inuka, twende naye."

Tukatoka watatu, yeye na koti lake, watu wakitupisha njia wakidhani kuna mtu anakufa. Tulipofika hakusema shida. Alisalimia, akaulizia watoto, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akapokea chai, akaisifu. Kisha akamshika yule mama mkono, akamsogeza mbele. "Huyu ni mwenzenu," akasema. "Msogezeeni." Tuliporudi foleni ilikuwa imetununia, na muuguzi alitununia zaidi. Lakini yule mama hakurudi tena na kichwa. Aliporudi alirudi na sahani ya vitumbua, na mzee akala hapohapo mezani, kifaa cha kusikilizia moyo kikiwa shingoni.

Siku hizi kazi hiyo ina jina refu la semina. Nimehudhuria semina zake na nimekula sambusa zake, sizidharau. Sisi tuliiita dawa ya nje ya dirisha: ile ambayo daktari anaona mgonjwa anaihitaji lakini mfamasia hana stoo. Ugumu wake ni kwamba hakuna fani moja inayoimiliki. Daktari anaona kipande, mfamasia anaona kipande, mimi kipande. Kwa ajili hiyo Mzee Ngonyani alikuwa ameanzisha chai ya Alhamisi, baada ya wagonjwa kwisha, kila mtu na kikombe chake. Changu kilikuwa cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi ukingoni. Pale kwenye chai ndipo tulipozungumza habari za watu, si za magonjwa.

Mzee alipostaafu, chai ilikufa. Haikuuawa na mtu. Kila mmoja alirudi chumbani kwake na kazi zake, na kikombe changu kikakaa rafuni kinashika vumbi kwa miaka mingi. Nayasema haya mapema ili mtakapofika kwa Bi Zuwena mwelewe jinsi watu wenye akili timamu walivyoweza kufanya walichokifanya.

Bi Zuwena binti Salim ni mzaliwa wa hapahapa mtaani, ukoo wa wenye maduka, asili yao Uarabuni. Marehemu mumewe aliuza kanga. Nyumba yao ilikuwa ya zamani, ya chini, yenye baraza ya saruji iliyotazama barabara, na watu wa umri wangu wote wanaikumbuka baraza ile kwa sababu ilikuwa haiwezekani kuipita bila kuulizwa unatoka wapi na mama hajambo. Mwishowe nyumba ikavunjwa, likajengwa ghorofa kama mengine yote ya Kariakoo: chini fremu za maduka, juu stoo, juu zaidi watu. Familia ikapewa nyumba ghorofa ya sita. Watoto wakaoa na kuolewa, wakasambaa. Akabaki yeye.

Alianza kuja kwetu kwa presha. Jumanne ndiyo siku ya presha, na utaratibu mnaujua: ikitulia, mgonjwa anapewa tarehe ya miezi mitatu, ikigoma, anarudi kila wiki. Ya Bi Zuwena iligoma. Dokta Lyimo, wakati huo mgeni kwetu, binti wa Kichaga mwenye mwendo wa haraka, alimwongezea dawa, akambadilishia, akampima upya kila kinachopimika. Presha ilikaa palepale juu kama iliyopangishwa.

Kisha akapiga simu mwanawe, Nassor, anayefanya kazi Muscat. Nilikuwepo chumbani. Daktari alikuwa ameweka simu mezani, sauti wazi, Bi Zuwena amekaa pembeni na mkoba wake mapajani.

"Dokta, mimi Idi nakuja," alisema Nassor. "Nikikuta bado iko hivyo, namchukua mama jumla, aje akae na mimi. Silali huku. Kila simu ikilia usiku najua ndiyo hiyo."

Hakuwa mtoto mbaya, na mtu asimfikirie hivyo. Alikuwa na hofu ya kweli. Bi Zuwena akaushika mkoba wake, akainuka. Tulipotoka nje alikaa kwenye benchi, mwisho kabisa upande wa mlango, akaniambia, "Muscat nimekwenda. Pazuri. Unawekwa ndani na kiyoyozi mpaka Mungu akukumbuke. Mama Ustawi, mie nimezaliwa mtaa huu." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakuyafuta, kwa hiyo nami nikajifanya siyaoni.

Basi tukaamua kumsaidia. Hapo ndipo ilipotokea aibu yetu, na naiandika kwa furaha kwa sababu nimeicheka miaka yote.

Dokta Lyimo ni mtu wa kukimbia. Yumo kwenye kikundi kimoja cha jogging, wale wa fulana za sare wanaopita alfajiri wakiimba. Akamwandikia Bi Zuwena mazoezi ya kutembea na kikundi chake, na akamnunulia raba. Mfamasia wetu, Kombo, kijana mpole wa kutoka Pemba, naye alimwonea huruma dirishani, akampeleka kwenye darsa ya akina mama anayofundisha shangazi yake. Mwajuma, mhudumu wetu wa afya wa mtaani, yule anayepanda ngazi za watu siku nzima, akamwingiza kwenye kikundi cha kufuma vitambaa. Nami, kwa ujuzi wangu wote, nilimpeleka kwa akina mama wanaotengeneza sabuni kule Msimbazi. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Tulifanya kazi ya mawinga wa Kariakoo: mteja mmoja, kila mtu kamshika mkono anamvutia fremu yake.

Na Bi Zuwena kalelewa vizuri, hakatai mwaliko. Alikwenda kote. Jumanne moja akaingia kituoni anahema, amevaa buibui na raba za Dokta Lyimo, mkobani sindano za kufumia zimechomoza, mikono inanukia sabuni ya maji. Akakaa kwenye benchi lake, akatuita wote wanne kwa majina mpaka tukatoka vyumbani.

"Naomba niulize," akasema, "nimeajiriwa lini?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Alfajiri natembezwa. Asubuhi nafuma. Adhuhuri nakoroga sabuni. Na darsa na sabuni zimegongana, siku moja, saa moja. Nimemwacha shangazi yake Kombo ananisubiri, nimeona haya mpaka leo. Kama mmeniajiri, basi nataka na likizo."

Dokta Lyimo akampima. Presha ilikuwa imepanda zaidi. Benchi zima lilikuwa linacheka, na mimi nilirudi stoo yangu ya ndoo nikatazama rafuni, nikakiona kile kikombe. Nikakishusha, nikakiosha, nikapita mlango kwa mlango. "Alhamisi," nikawaambia. "Kila mtu na kikombe chake."

Idi ilikuwa haiko mbali. Tulikaa chumbani kwa Dokta Lyimo na chapati za mama wa pale kona, nikawaeleza sharti la Mzee Ngonyani: hakuna kumpeleka mtu popote kwanza. Kila mmoja aseme kitu kimoja anachokiona yeye tu kwa sababu ya mahali anapokaa.

Dokta Lyimo akaanza. "Nikimpa kidonge hapa nikamwangalia anameza, nikimpima baada ya muda inashuka vizuri. Dawa inafanya kazi. Ila akirudi wiki inayofuata, iko juu."

Kombo akawa anazungusha kikombe chake. "Mimi nilidhani ni mambo yake ya ndani nikanyamaza," akasema. "Hakosi kuchukua dawa hata siku moja. Lakini juzi alifungua mkoba kutafuta miwani, nikaona pakiti za nyuma. Hazijafunguliwa."

"Kule juu lifti imekufa siku nyingi," akasema Mwajuma. "Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Kuna kiti kimoja tu anachokikalia, na amekielekeza mlangoni. Mlango wenyewe umefungwa. Niliingia nikamkuta kakaa anautazama."

Ikafika zamu yangu. Nikasema nilichokuwa nikikiona kila Jumanne bila kukipa maana: kwamba Bi Zuwena hufika kabla mfagiaji hajamaliza, hukaa mwisho wa benchi upande wa mlango, humsalimia kila anayeingia, na akishamwona daktari na kuchukua dawa, haondoki. Hurudi kukaa.

Kisha Dokta Lyimo akaweka chapati chini taratibu. "Akipona," akasema, "nitampa tarehe ya miezi mitatu."

Nawaambieni, katika miaka yangu yote sikuwahi kuona kitu kimewaka vile chumbani. Hakuna mmoja wetu angekiona peke yake. Daktari alikuwa na presha, Kombo alikuwa na pakiti, Mwajuma alikuwa na kiti, mimi nilikuwa na benchi. Tulikuwa tumekaa na vipande vyetu kila mtu chumbani kwake, tunasifiwa kwa bidii.

Kesho yake nikapanda zile ngazi pamoja na Mwajuma, tukipumzika kila ghorofa. Bi Zuwena alifungua haraka mno kwa mtu aliyesema alikuwa jikoni. Akatumiminia uji wa tangawizi. Nikamuuliza bila kuzunguka, kwa sababu alikuwa ananiheshimu na mimi namheshimu.

"Shikamoo tena, mama. Vidonge humezi, sivyo?"

Akamtazama Mwajuma, akanitazama mimi. "Marahaba tena," akasema. Kisha akasema yote. "Nikimeza mtanipa miezi mitatu. Miezi mitatu nikae na nani? Na friji? Pale kwenu angalau naulizwa umeamkaje. Zamani nilikuwa nakaa barazani, mtaa mzima unanipitia. Sasa hapa anayenipitia ni nani?"

"Na Muscat?"

"Ndiyo hapo." Sauti yake ikapungua. "Nikipona, nakosa benchi. Nisipopona, nakosa Kariakoo. Kila nikishika kidonge naliwaza hilo, nakirudisha."

Mwajuma akamwambia kwa ukali wa mapenzi kwamba anachezea kiharusi, kwamba amemwona mtu wa rika lake ghorofa ya nne yuko kitandani hawezi hata kujifunika. Bi Zuwena akalia. Na mimi nililia, siwafichi. Nililia kwa sababu nilikuwa nimempita kwenye lile benchi mara nyingi na salamu za haraka. Lakini niliposhuka zile ngazi nilikuwa nashuka kama msichana, kwa kuwa sasa dawa ilikuwa inajulikana, na tulikuwa nayo.

Ilibaki idhini. Mganga mfawidhi wa wakati huo alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu zilisema benchi ni la wagonjwa. Zamani ningekwenda peke yangu na ningerudi na jibu la "tutalitazama". Safari hii tuliingia wanne.

"Mmekuja kugoma?" akauliza.

Dokta Lyimo akaeleza presha, Kombo akaeleza pakiti, Mwajuma akaeleza ngazi. Mimi nikaeleza tunachotaka: Bi Zuwena aje kila Jumanne, presha ikiwa juu au chini, akae mahali pake. Asiguse dawa wala faili la mtu. Awapokee wageni tu, awaonyeshe foleni inaanzia wapi, awaulize wameamkaje. Kwa upande wake, ameze vidonge.

"Nikimruhusu huyu, kesho bibi zenu wote wa Kariakoo watakuja kupigia soga hapa."

"Mkuu," akasema Kombo, ambaye huwa hasemi, "wakija na presha zao zimeshuka, mimi dirishani nitapumua."

Mkubwa akacheka kwa pua tu, lakini alicheka. Akasema tujaribu mpaka Idi.

Jumanne iliyofuata Dokta Lyimo alimwandikia Bi Zuwena dawa zake kama kawaida, na mstari wa mwisho akaandika: *Benchi, kila Jumanne, bila kukosa.* Bi Zuwena akapeleka dirishani. Kombo akasoma kwa uso mkavu, akampa kikasha chenye vidonge vya wiki, kila siku chumba chake, akamwambia kikirudi kitupu ndipo atampa kingine. "Hii ya mwisho sina stoo, mama'angu," akasema. "Utaipata pale mlangoni." Nami nikafanya kazi yangu. Nikamshika mkono, ingawa njia anaijua kuliko mimi, nikamfikisha mbele ya waliokaa. "Huyu ni mwenyeji wenu," nikasema. "Msogezeeni."

Mkitaka kujua raha ya kazi hii, mngemwona Jumanne zile. Raba aliacha, alivaa kanga mpya na udi unanukia mpaka maabara. Mtu alikuwa akiingia amekunja uso, anasalimiwa, anasogezewa nafasi, anaulizwa kwao wapi, na kabla hajaitwa ameshajua jirani yake anatoka wilaya moja na mkwewe. Wauguzi walianza kugundua kwamba ukimpima mtu aliyekaa na Bi Zuwena kidogo, presha yake haipigi kelele kama ya aliyetoka mbio barabarani. Kikasha kilirudi kitupu. Cha pili nacho kitupu.

Na akaanza kutuletea kazi. Kulikuwa na Mzee Chitanda, mtu wa Lindi, mkaanga samaki wa Feri, aliyekuwa anakuja na maumivu ya mgongo yasiyoonekana kwenye picha wala kuwa na jina. Bi Zuwena alikaa naye benchini, kisha akanionyesha kwa kidevu. "Huyu kahamishiwa kwa mwanawe Kigamboni," akaniambia. "Ameacha kazi, ameacha wenzake, anashinda anatazama mawimbi. Mgongo gani huo?" Alhamisi tukaliweka kwenye chai. Mwajuma alijua kikundi cha wazee wa kusini wanaokutana Msimbazi kucheza drafti na kuzikana, Dokta Lyimo akahakikisha mgongo kweli mzima, na mimi na Bi Zuwena tukampeleka mkono kwa mkono. Kikundi kilimpokea kwa sharti moja, awakaangie samaki. Hakuna aliyempangia, alijipangia mwenyewe palepale, akauliza mafuta yako wapi.

Nassor alikuja siku chache kabla ya Idi. Hakumwambia mama yake saa ya kufika. Alipita kituoni kwanza, Jumanne asubuhi, kuomba barua ya daktari ya safari ya mgonjwa. Mimi nilikuwa mlangoni. Niliona kijana mwenye kanzu safi na begi la magurudumu anaingia kwa haraka, na nikaona anavyosimama ghafla.

Bi Zuwena alikuwa anamweka sawa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Akainua kichwa. Nilidhani atapiga ukelele, mama na mwanawe hawajaonana muda mrefu. Uso ukamng'aa, akanyoosha mkono, mwanawe akaubusu, kisha akamwambia, "Karibu baba. Foleni inaanzia kule."

"Mama, mimi si mgonjwa."

"Hata mie si mgonjwa. Kaa kule."

Akakaa. Mtu mzima, na begi lake, katikati ya Mzee Chitanda na dereva wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, mwenye sukari. Akamtazama mama yake asubuhi ile yote: anavyosalimia, anavyotania, anavyomnyamazisha mmoja na kumchekesha mwingine, nusu ya watu wakimwita mama. Mzee Chitanda akamuuliza ni wa nani. Akasema ni mwana wa yule pale. Mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante kwa kutuachia," akamwambia. Nassor akakohoa.

Zamu yake ilipofika, Dokta Lyimo akamwita mama yake pia, akampima mbele yake. Ilikuwa nzuri. Nassor akauliza kama mashine ni nzima. Dokta akaleta ile ya zamani ya kupampu kwa mkono, akampima tena, akampa yeye kifaa asikilize. Kombo akaja na vikasha vitupu, akavipanga mezani kimoja kimoja. Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni, hata hakujifanya ana shughuli.

"Tiketi nimeshakata, mama," Nassor akasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Ya lini?"

"Jumanne ya baada ya Idi."

"Jumanne mimi niko kazini," akasema Bi Zuwena. "Kabadilishe. Na ukishabadilisha, iwe ya kwenda na kurudi."

Nassor akamtazama mama yake, akatutazama sisi wanne tuliojipanga ukutani kama washtakiwa. Akaanza kucheka, na katika kucheka akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Haya mama," akasema. "Ya kwenda na kurudi."

Nilifurahi mpaka nikashikwa na aibu. Dokta Lyimo alimkumbatia Kombo, kisha wote wawili wakakumbuka walipo. Mganga mfawidhi aliposikia kelele akatoa kichwa, akauliza jaribio limeishaje, akajibiwa na benchi zima kwa pamoja. Hakulizungumza tena suala la benchi kuwa la wagonjwa tu.

Bi Zuwena alikwenda Muscat, akarudi na halua ya sahani kubwa, tukaila kwenye benchi lile, wenye sukari wakipewa ya kuonja tu chini ya ulinzi wa Mwajuma. Tangu hapo chai ya Alhamisi haijakosa. Na nyinyi mtakaoikuta, msiifute kwa sababu ya ripoti.

Basi nikastaafu. Wenzangu walinifanyia sherehe nzuri kuliko ninavyostahili, wakanipa kiti cha kupumzikia, kile cha mto mnene. Nikakipeleka nyumbani Kigamboni, nikakiweka barazani. Wiki ya kwanza nilifagia uwanja uliokwisha fagiliwa, nikapanga vyombo, nikavipangua. Wanangu wanafanya kazi mikoani, majirani wanatoka asubuhi. Nikakaa kwenye kiti changu, na siku ya tatu ndipo nikaona nilivyokiweka: kinatazama geti. Geti limefungwa.

Jumanne iliyofuata nilikumbuka kwamba nimesahau kikombe changu kazini. Nikavaa, nikavuka kwa kivuko pale Magogoni asubuhi na mapema, kana kwamba kikombe cha bati kinaweza kuharibika.

Kombo aliniona kwanza, kutoka dirishani. "Shikamoo mama. Umesahau nini?"

"Marahaba. Kikombe."

"Nikuletee?"

"Acha, sina haraka."

Bi Zuwena alikuwa mahali pake. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, bila kunisalimia, jambo ambalo si kawaida yake.

"Presha?" akauliza.

"Nzuri."

"Sukari?"

"Nzuri."

"Magoti?"

"Yapo yanatembea."

"Basi umefuata nini?"

"Kikombe changu," nikasema.

Aliinuka, kwa shida, kwa sababu yeye magoti yake si mazima. Akanishika mkono, akanisogeza mbele ya watu waliokaa, wagonjwa ambao wengi nilikuwa nimewapeleka mimi mwenyewe huku na huko.

"Huyu ni mwenzetu," akawaambia. "Msogezeeni."

Wakasogea. Nikakaa. Kikombe kiko palepale rafuni, na kila Jumanne nakwenda kukifuata.